Akifa Mkubwa wa Nchi, Muislamu Aseme Nini?

Kurani Tukufu inatufundisha kwamba kila nafsi itayaonja mauti (3:186). Pengine hakuna fundisho linalokubaliwa na watu wote, waumini na wasioamini, kama hili, kwa kuwa kila siku tunaliona likitimia mbele ya macho yetu. Lakini ingawa wote wanalikubali, ni wachache wanaojua jinsi ya kuenenda linapotimia. Na mtihani huo huwa mzito zaidi anapokufa ghafla mtu mwenye mamlaka, aliyependwa na wengi na kuchukiwa na wengi. Hapo ndipo ndimi hufunguka, na yaliyofichika mioyoni hutoka nje.

Somo letu la mwezi huu linahusu jambo hilo. Tumeliandika hasa kwa ajili ya ndugu waliojiunga na Islam karibuni, na kwa wale ambao bado wanaichungua dini hii, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambako Waislamu, Wakatoliki na Walutheri huishi katika kijiji kimoja, katika ukoo mmoja, na pengine katika nyumba moja. Huko msiba wa mmoja ni msiba wa wote, na neno moja baya msibani hukumbukwa miaka mingi.

HABARI ILIYOWAGAWA WATU

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kwamba Rais John Pombe Magufuli amefariki dunia katika hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 61, na ilikuwa imepita miezi minne tu tangu aapishwe kwa kipindi cha pili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kufa akiwa madarakani. Tarehe 19 Machi Mama Samia aliapishwa kushika nafasi yake, na tarehe 26 Machi marehemu akazikwa kwao Chato.

Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa hii haikuwa habari ya mbali. Chato ilikuwa ndani ya Mkoa wa Kagera mpaka ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, mwaka uleule ambao Kyerwa iligawanywa kutoka Karagwe na kuwa wilaya. Aliyekufa alikuwa Rais wa nchi, na pia alikuwa jirani.

Wengi walimlilia kwa machozi ya kweli. Walitandika kanga barabarani ili gari lililobeba jeneza lipite juu yake. Tarehe 21 Machi, katika msongamano wa watu waliokwenda kumwaga katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha. Hao walimkumbuka kwa elimu bila ada, kwa barabara na reli, na kwa ukali wake juu ya wazembe na wala rushwa.

Wengine hawakulia. Walikuwapo wanasiasa wa upinzani ambao mikutano yao ya hadhara ilizuiwa tangu mwaka 2016, na waandishi ambao magazeti yao yalifungiwa. Walikuwapo waliofiwa wakati wa maradhi ya korona, ambayo takwimu zake hazikutangazwa tena baada ya miezi ya mwanzo ya mwaka 2020. Katika Kagera walikuwapo walioangukiwa na nyumba katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, nao hawakuwa wamesahau alivyowaambia wazi kwamba serikali haitawajengea nyumba. Walikuwapo pia wakulima wa kahawa waliozoea kuwauzia wanunuzi binafsi, au kuvusha mpaka kwenda Uganda, nao walikuwa na maneno yao juu ya amri ya mwaka 2018 kwamba kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika. Baadhi ya watu walinyamaza, baadhi walishusha pumzi, na wengine hawakuona haya kufurahi.

Ndugu msomaji, makala hii haikuandikwa ili kuamua ni upande upi uliokuwa na haki katika mambo ya siasa. Swali letu ni jingine: Muislamu anayesimama katikati ya wanaolia na wanaocheka, aseme nini? Na akiulizwa na jirani yake, “Ninyi wenye dini mnasemaje, huyu kaenda peponi au motoni?” ajibu vipi?

KIFO CHA GHAFLA SI DALILI YA LAANA

Jambo la kwanza la kusafisha ni dhana. Katika nchi yetu kifo cha ghafla hakikosi kutafutiwa mkono wa mtu. Akifa maskini husemwa amerogwa na jirani. Akifa mkubwa husemwa amepewa sumu. Na adui zake husema amepigwa na Mungu. Wote watatu wanasema wasiyoyajua. Kurani Tukufu inatukataza kuyafuata mambo tusiyo na elimu nayo (17:37), na inatuamuru kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta (49:7). Katika siku zile za Machi, Rais alipokuwa hajaonekana hadharani tangu mwisho wa Februari, uvumi ulienea kila mahali. Ni kweli kwamba uvumi huota penye giza, na wenye mamlaka wana wajibu wa kuwaambia raia ukweli mapema. Lakini giza la mwingine halimhalalishii muumini kusema uongo.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahimu mwaka 632, na siku ileile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Mtu mwenye kutafuta makuu angeliyaacha maneno hayo yaenee. Yeye, hali moyo wake umejaa huzuni, alisimama akawafundisha watu kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Basi ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, tusizitafute mbingu zitoe ushahidi kila anapokufa mwanasiasa.

Tena imepokewa katika Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume s.a.w. akamwambia kwamba mama yake amekufa ghafla, na kwamba anadhani kama angepata nafasi ya kusema angetoa sadaka. Je, mama atapata thawabu mwanawe akimtolea? Mtume s.a.w. akajibu ndiyo. Hakumwambia kwamba kifo cha namna ile ni aibu au adhabu. Alimfungulia mlango wa kutenda mema.

Sisi Waahmadiyya wa Afrika ya Mashariki tunao mfano wetu wenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mubalighi na mshairi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha akawa Waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Mwezi Oktoba 1964, akiwa bado Waziri na umri wake miaka 40 tu, alifariki Ujerumani ya Magharibi, mbali na nyumbani. Hakuna ajuaye atafia nchi gani, kama isemavyo Kurani Tukufu (31:35). Ikiwa tungesema kila afaye ghafla akiwa na cheo amelaaniwa, tungemsema vipi mja huyu aliyeitumikia dini kwa ulimi na kalamu yake? Mizani tunayoikataa kwa mpenzi wetu haifai kumpimia tusiyempenda.

KUTUKANA NA KUSHUHUDIA

Sasa tuje kwenye swali la ulimi wenyewe. Hapa mwanafunzi wa dini hukutana na Hadithi ambazo kwa juujuu huonekana kana kwamba zinapingana.

Bibi Aisha r.a. amepokea kwamba Mtume s.a.w. alikataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Na katika Tirmidhi imepokewa kwamba kuwatukana wafu ni kuwaudhi walio hai. Lakini Hadhrat Anas r.a. naye amepokea kwamba lilipita jeneza watu wakamsifu maiti, na Mtume s.a.w. akasema imethibiti, likapita jingine wakamtaja kwa ubaya, akasema tena imethibiti. Alipoulizwa maana yake, alieleza kwamba yule wa kwanza imemthibitikia pepo na wa pili moto, kwani waumini ni mashahidi wa Mungu katika ardhi.

Je, Hadithi hizi zinagombana? Hata kidogo. Kutukana ni jambo moja, na kushuhudia ni jambo jingine. Shahidi husema alichokiona kwa macho yake, hazidishi wala hapunguzi, na husema ili haki isimame. Mwenye kutukana hutafuta kupoza ghadhabu yake tu. Mtu akisema, “Katika miaka yake mwanangu alisoma bila ada,” ametoa ushahidi. Akisema, “Katika miaka yake gazeti nililoliandikia lilifungwa,” naye ametoa ushahidi. Lakini anayelicheka jeneza, au anayemwita maiti kwa majina ya wanyama, hakushuhudia lolote ila hali ya moyo wake mwenyewe. Kadhalika anayempamba maiti kwa sifa asizokuwa nazo, na kumkemea kila aliyeumizwa eti asiseme, huyo si shahidi wa kweli. Huwezi kumheshimu maiti kwa kumdhulumu aliye hai.

Kwa hiyo Kurani Tukufu, inapoeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, papo hapo inamtoa aliyedhulumiwa (4:149). Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Mwenye jeraha hakufungwa mdomo. Anayo ruhusa ya kueleza alivyotendewa, hata ikiwa aliyemtendea amekufa. Lakini ruhusa hiyo ni ya kueleza dhuluma. Haikutolewa kwa kuzua mapya, wala haikupewa watu wasiodhulumiwa wanaotaka kuburudika kwa jeraha la mwenzao. Na mipaka ya wote, wenye kusifu na wenye kulaumu, imewekwa katika aya nyingine: uadui wa watu usitupeleke kuacha uadilifu (5:9).

PEPONI AU MOTONI?

Mtu anaweza kusema: “Ikiwa waumini ni mashahidi, basi na sisi tuhukumu.” Hapana. Katika ile habari ya majeneza mawili, aliyetaja pepo na moto ni Mtume wa Mungu mwenye kupokea ufunuo. Wale wengine walitaja waliyoyajua tu. Shahidi hakai katika kiti cha hakimu.

Jibu la swali la jirani limo katika Kurani Tukufu kwa namna ya kupendeza. Firauni alimwuliza Nabii Musa a.s. juu ya hali ya watu wa vizazi vilivyopita. Lilikuwa swali la mtego. Kwani kama Musa angesema wazee wote wako motoni, watu wangewaka hasira na kuacha kusikiliza mahubiri. Nabii huyo mtukufu akajibu kwamba elimu yao iko kwa Mola wake katika Kitabu, naye Mola hakosei wala hasahau (20:52-53). Kisha akaendelea kuwahubiria wale waliokuwa hai. Nawe ukiulizwa sokoni Nkwenda, au penye kijiwe cha Kayanga, jibu hilihili litakutosha. Na ujumbe wa 2:135 utakusaidia zaidi: wale wamekwisha pita, watapata waliyoyachuma, nasi hatutaulizwa juu ya matendo yao. Tutaulizwa juu ya yetu.

MTUME S.A.W. MBELE YA MAITI WA ADUI

Katika Madina alikuwako kiongozi aliyeitwa Abdullah bin Ubayy. Kabla ya kuja Mtume s.a.w. watu wake walikaribia kumfanya mfalme, na kwa kijicho cha kuukosa ufalme akawa mkuu wa wanafiki. Aliwasaliti Waislamu vitani, na akashiriki kueneza masingizio juu ya Bibi Aisha r.a. Alipokufa, mwanawe, aliyekuwa Muislamu mwema, alimwomba Mtume s.a.w. kanzu yake ili amkafini baba yake, na Mtume s.a.w. akampa. Akasimama amsalie. Hadhrat Umar r.a. akajaribu kumzuia, akimkumbusha maovu ya maiti yule. Lakini Mtume s.a.w. akaendelea. Baadaye ulikuja ufunuo wa kuzuia kuwasalia watu wa namna hiyo (9:84). Hata hivyo, tazama ulivyokuwa moyo wa Mtume wetu: aliyeumizwa kuliko wote ndiye aliyekuwa mwenye huruma kuliko wote.

Siku nyingine lilipita jeneza, naye akasimama. Akaambiwa kwamba ni la Myahudi. Akauliza kama huyo naye hakuwa nafsi. Basi ndugu mpya katika Islam asidhani kwamba kusilimu kumemkataza kuwaendea jirani zake Wakristo katika kilio. Ibada zao ni zao nasi tuna zetu, lakini kuwapa pole wafiwa, kuchota maji, kutafuta kuni na kuchimba kaburi ni haki za ujirani, na Mtume s.a.w. alizihimiza mno haki za jirani.

NAYE UMAR R.A. HAKUAMINI

Machi 2021 walikuwako watu waliokataa kuiamini ile habari. Upendo mkubwa hufanya hivyo, na tusiwacheke. Alipofariki Mtume s.a.w. mwenyewe, Hadhrat Umar r.a., shujaa na mwenye akili, alishika upanga akitisha kumpiga yeyote atakayesema Mtume amekufa. Ndipo alipofika Hadhrat Abubakar r.a., akaubusu uso mtukufu, kisha akatoka akawaeleza watu kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad ajue amekwisha kufa, na anayemwabudu Allah ajue Yeye yu hai wala hafi. Akasoma aya inayoeleza kwamba Muhammad ni Mtume tu, na Mitume wa kabla yake wamekwisha pita (3:145). Hadhrat Umar r.a. aliposikia, miguu yake ikaishiwa nguvu, akajua kwamba ni kweli.

Mchunguzi wa dini na asimame kidogo hapa. Hoja ya Abubakar r.a. ilikuwa kwamba Mitume wote waliotangulia wamekufa, kwa hiyo si ajabu na huyu kufa. Kama sahaba mmoja tu angeamini kwamba Nabii Isa a.s. yu hai mbinguni na mwili wake, hapo ndipo angesema: “Mbona Isa hakufa?” Umar r.a. aliyetamani sana Mtume wake aishi angeishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Hakusema hata mmoja. Basi umoja wa kwanza wa masahaba baada ya Mtume s.a.w. ulikuwa juu ya kufa kwa Mitume wote, pamoja na Masihi wa Nazareti. Na katika 21:35 imeelezwa wazi kwamba hakuna mtu wa kabla ya Mtume s.a.w. aliyepewa kuishi milele.

Somo hili ni la imani na pia ni la maisha ya taifa. Anayeitegemea nafsi ya mtu mmoja atavunjika siku mtu huyo atakapokufa. Na anayeuchukia mwili wa mtu mmoja atadhani matatizo yote yamezikwa pamoja naye. Wote wawili wamekosea. Seyidna Ahmad a.s. alipofariki Lahore tarehe 26 Mei 1908, wapinzani walishangilia na kusema Jumuiya yake imekwisha. Kesho yake, tarehe 27 Mei, waumini walikusanyika Qadian mikononi mwa Khalifa wa kwanza, Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., na kazi ikaendelea mpaka ikafika hata kwetu Afrika. Kazi ya Mungu haifi kwa kufa mja, na furaha ya mwenye kushangilia kifo haijengi kitu.

SEMA NAYE AKINGALI HAI

Mwisho, yako maneno ambayo wakati wake si matangani. Hadhrat Abubakar r.a. aliposhika Ukhalifa aliwaomba watu wamsaidie akitenda haki na wamnyoshe akikosea. Na Mtume s.a.w. alifundisha kwamba katika jihadi bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Alisema mbele yake. Hakusema juu ya kaburi lake. Ushujaa unaongoja mtu afe ni ushujaa rahisi. Muislamu wa Ahmadiyya ni raia mtiifu, hafanyi fujo wala uasi; lakini utii si kunyamaza. Shauri jema, kwa adabu na kwa njia za sheria, ni haki ya mtawala juu ya raia wake. Na mtawala anayewaacha watu waseme akiwa hai, amejipunguzia yatakayosemwa akifa.

KWA MUHTASARI

Ukisikia kifo cha mkubwa, aliyekupendeza au aliyekuudhi: kwanza, tamka Inna lillahi, na ukumbuke kwamba wewe nawe uko njiani. Pili, usieneze sababu ya kifo usiyoijua. Tatu, ukiwa na ushahidi, uutoe kwa uadilifu; ukiwa na matusi, uyameze. Nne, mwache aliyedhulumiwa aeleze. Tano, hukumu mwachie Mwenyezi Mungu. Sita, wape pole wafiwa, kwa kuwa machozi hayana chama.

Maswali ya kujipima: (1) Kuna tofauti gani kati ya kushuhudia na kutukana? (2) Nabii Musa a.s. alimjibu nini Firauni juu ya waliopita? (3) Aya aliyoisoma Hadhrat Abubakar r.a. inathibitisha nini juu ya Nabii Isa a.s.? (4) Ni neno gani la haki unalopaswa kumwambia mtu leo, kabla ninyi wawili hamjatenganishwa na mauti?

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi zenye uadilifu na mioyo yenye huruma, awape watawala wetu masikio ya kusikia, na atufishe hali tukiwa radhi naye, naye akiwa radhi nasi. Amin.